Ukifika Marina, Usiruke Majini

Majira ya joto yakikaribia, maswali huanza. Mtu kapata boti ya mkono wa pili ya futi 22, ana familia, anakaa Louisville, Kentucky, huku Marekani, na anataka kujua akiushika mto Ohio atafika wapi. Atafika mbali. Mto unaanzia Pittsburgh na kwenda maili 981 hadi Cairo, Illinois, unakoingia Mississippi. Maili zake huhesabiwa kutoka Pittsburgh, hivyo ukiwa unashuka na kuona kibao cha 600, ujue Louisville iko karibu. Loki, yaani vyumba vya kupandisha na kushusha boti penye tofauti ya kina, hulipii hata senti. Lakini kabla hatujafungua ramani, mimi huuliza kwanza: mtalala wapi, na watoto wataogelea wapi?

Mtoni kwenyewe, mwenye njia ni tishali, yale majahazi bapa ya mizigo yasiyo na injini. Tagi moja, boti yenye injini kubwa, husukuma tishali 15 zilizofungwa pamoja, tatu kwa tano, kila moja na shehena ya tani 1,500 hivi. Nahodha yuko nyuma kabisa, na mbele ya tishali ya kwanza kuna sehemu kubwa ya maji asiyoiona. Akitaka kusimama anaweza kuhitaji kilomita moja na nusu. Mpishe mapema. Boya jekundu liweke kuliani unapopanda mto, kushotoni unaposhuka. Usiku lala, magogo yanayoletwa na mvua za juu hayana taa.

Pale Louisville mto una maporomoko, Falls of the Ohio, na vyombo huyakwepa kwa kupita loki ya McAlpine. Ni chumba cha zege chenye urefu wa futi 1,200 na upana wa futi 110, mlango upande wa juu na mlango upande wa chini. Unaita kwa redio ya VHF, chaneli 13, unangoja taa ya kijani, unaingia. Mlango unafungwa, maji yanatolewa, nawe unashuka nayo futi 37, ukuta wenye ute ukizidi kurefuka juu ya kichwa chako. Meli za abiria na tishali hutangulia, kwa hiyo beba chakula na subira. Ning'iniza dafrao, yaani maboya ya kukinga ubavu wa boti, pande zote mbili, kila mtu avae jaketi okozi, na kamba izungushwe tu kwenye nguzo huku mtu ameishika. Isipigwe fundo. Niliwahi kuona, katika loki nyingine, boti ya mzee mmoja imebaki imening'inia upande mmoja kwa sababu ya fundo, birika la chai likibingirika sakafuni, mpaka alipoikata kamba kwa kisu cha samaki.

Jioni unafika marina, bandari ndogo ya kuegesha boti. Hapa watu hupumua na kulegea, na hapa ndipo mimi huanza kuwa na wasiwasi.

Anza na mafuta. Zima injini na jiko, shusha abiria wote, funga madirisha. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutuama kwenye ngama, yaani chini kabisa ndani ya boti, ukisubiri cheche. Ukimaliza kujaza, washa feni ya ngama dakika nne nzima, kisha inama unuse mwenyewe kabla ya kuwasha injini. Pua yako ni kipimo kizuri kuliko haraka yako.

Halafu umeme. Kila boti gatini huchomekwa waya kwenye nguzo ya umeme ili kuendesha friji na kiyoyozi. Boti moja tu ikiwa na waya uliochubuka, umeme huvuja majini, na maji hayabadiliki rangi wala kutoa sauti. Sisi tuliokulia Mombasa au Unguja tulizoea kuruka kutoka gatini tangu utoto. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko mwili, hivyo umeme unaovuja hupita zaidi majini. Maji ya mto ni kinyume: mwili wako ndio njia rahisi. Miliampea 10 zinaweza kukaza misuli ushindwe kupiga hata mkono mmoja, wakati balbu ya zamani ya wati 60 kwa umeme wa Marekani hutumia 500. Mtu huzama kimya, na waliopo hudhani kachoka.

Kwa hiyo hakuna kuogelea karibu na gati lenye umeme, hata kama watoto wa boti jirani wanaruka. Ukijikuta majini na kuhisi mwili unawasha au unakufa ganzi, usikimbilie ngazi ya chuma; rudi nyuma, mbali na gati, na piga kelele umeme uzimwe. Ukiwa juu na mwenzio anazama, najua moyo utakuambia uruke. Zima swichi kwenye nguzo, chomoa waya za boti, tupa boya lenye kamba, piga 911, namba ya dharura. Waokoaji wengi wamekufa kwa kumfuata wa kwanza.

Kabla ya kulipia usiku wako, muulize msimamizi kama nguzo zao zina kifaa cha kukata umeme unaovuja, na kilipimwa lini. Uliza pia kama wana bwawa la kuogelea nchi kavu. Marina kadhaa wanalo, na watoto watalitaka kabla hata hamjamaliza kufunga kamba.