1 000 001 si namba tasa, hata kama 7 imekataa

"Mwalimu, 2 imekataa, 3 imekataa, 5 na 7 pia. Basi ni namba tasa." Kila msimu wa Exetat, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, hapa Lubumbashi nasikia wimbo huo, na wazazi wanaitikia: "Mwalimu, mtoto amefika mpaka 7, unataka nini tena?" Nataka aendelee! Namba tasa ni ile isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe.

Chukua 1 000 001, inayowanasa wengi. 2 na 5 zinatoka kwa kuangalia tu tarakimu ya mwisho. Jumla ya tarakimu ni 2, kwa hiyo 3 nayo imetoka. Kwa kuwa 7 × 11 × 13 = 1 001, kata namba tatu tatu kutoka kulia, ukitoa na kujumlisha kwa zamu: 001 − 000 + 1 = 2. Basi 7, 11 na 13 zimekataa kwa mpigo mmoja. Hapo ndipo kalamu zinawekwa chini.

Chini ya 100 kuna namba tasa 25, na hakuna hata moja inayoigawa. Ya 26 ni 101. Kwa kuwa 101 ni 100 + 1, sasa kata mbili mbili: 01 − 00 + 00 − 1 = 0. Imeingia. 1 000 001 = 101 × 9 901. Na hiyo 9 901 ni tasa bila jasho lingine: kipeuo chake cha pili hakifiki 100, na zile 25 zilizoshindwa kugawa namba kubwa haziwezi kugawa kigawo chake.

Mpaka wa kujaribu ni kipeuo cha pili, hapa 1 000 na ushee, maana vigawo viwili vinavyoanzia 1 001 vinazaa angalau 1 002 001. Wale wanaosema mpaka nusu, yaani 500 000, sijui watalala lini. Kuishia njiani si ugonjwa wa wanafunzi peke yao: mwanahisabati Fermat aliamini 4 294 967 297 ni tasa, mwenzake Euler akaja kuipasua mwaka 1732 kwa 641.

Makosa mengine ninayoyasikia nayapitia haraka. Namba kubwa lazima iwe na vigawo vingi? 1 000 001 ina vinne tu. 2 147 483 647 ina viwili, Euler alithibitisha mwaka 1772. Jumla ya tarakimu ikiwa tasa, namba nayo ni tasa? 49: 4 + 9 = 13. Inayoishia na 7 inagawanyika kwa 7? 17, tuendelee.

Andika zile 25 ndani ya jalada la daftari, simu mwachie mama. Kisha nipe vigawo vya 10 001. Anayeniambia ni tasa hakumaliza orodha.