Gumba Kwanza: Kujifunza Gitaa la Ala Tupu kwa Vidole

Wengi wanaokuja kwangu kujifunza tayari wanajua kucharaza. Wana kordi zao, wanaongoza nyimbo kanisani au kwenye mikusanyiko ya nyumbani, na sasa wanataka gitaa moja lisimame peke yake, bila mwimbaji, bila besi, bila ngoma, na msikilizaji asihisi kwamba kuna mtu amekosekana. Karibu wote huanza kwa kuniuliza kuhusu vidole vinavyodonoa nyuzi nyembamba, vile vinavyotoa wimbo. Mimi huwarudisha kwenye dole gumba la mkono wa kulia. Kwa miaka yote niliyofundisha sijaona kinyume chake: kipande cha ala tupu husimama juu ya gumba, na anayelipuuza atakwama mapema hata kama vidole vyake vingine ni vyepesi kama nini.

Sababu iko wazi ukisikiliza kwa makini. Mkono mmoja wa kulia unafanya kazi ambayo bendi huigawia watu watatu. Kuna besi inayotembea, kuna wimbo wenyewe juu, na katikati kuna sauti za kujaza zinazounganisha hivyo viwili. Wimbo una haki ya kuchelewa kidogo, kuwahi, kunyamaza, hata kuruka mapigo mawili. Besi haina haki hiyo. Gumba likisita, kila kitu kilicho juu yake kinaanguka, na msikilizaji atajua kuna kasoro hata kama hajui kasoro hiyo iko wapi.

Kwetu Afrika Mashariki na Kati hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka na mashine yake kurekodi muziki wa Afrika, alimkuta kijana aitwaye Jean Bosco Mwenda huko Jadotville, mji ambao leo ni Likasi, katika eneo la Katanga, Kongo. Mwenda alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, makao makuu ya Wayeke, watu ambao asili ya utawala wao ni huku kwetu upande wa Unyamwezi. Rekodi ya kipande chake «Masanga» iliyotokana na mkutano ule ilisambaa mbali, na hadi leo wapiga gitaa wa mabara mengine hukaa chini kuifuatilia noti kwa noti. Alipiga kwa vidole viwili: gumba na kidole cha shahada. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuja kukaa Nairobi kwa muda, akawa na kipindi chake redioni, na vijana wa Kenya wakajifunza kwa kumsikiliza. Edouard Masengo, Mkatanga mwingine, naye alikuja Nairobi na kuacha alama yake.

Magharibi ya Kenya kulikuwa na George Mukabi na mtindo wa omutibo. Sikiliza rekodi zake: gitaa moja, na kando yake mtu anakwaruza na kugonga chupa ya Fanta, ile ya zamani yenye mabonde mabonde. Chupa haipigi kitu kigumu, inarudia tu. Lakini ukiiondoa akilini ukabaki na gitaa pekee, utagundua kwamba gumba la Mukabi lilikuwa limekwisha kuifanya kazi hiyo.

Vidole viwili si umaskini wa ufundi, wala si mambo ya Afrika peke yake. Merle Travis wa Kentucky, Marekani, ambaye jina lake limepewa namna nzima ya kupiga, alitegemea gumba na shahada. Reverend Gary Davis, mpiga gitaa kipofu wa South Carolina, alifanya hivyohivyo na akapiga vipande ambavyo wengi wanaopiga kwa vidole vinne hawaviwezi. Skuli ya Kihispania hupanga kazi kwa njia nyingine, ikilipa gumba nyuzi tatu nene na kuzigawia shahada, cha kati na cha pete zile nyembamba. Naiheshimu na baadaye utaihitaji. Ila kwa mtu anayeanza, vidole viwili vina faida moja kubwa: hakuna pa kujificha. Gumba na shahada vinajibizana, na unasikia papo hapo kama majibizano yamekwenda mrama.

Kabla ya mazoezi, tazama gitaa lenyewe. Magitaa mengi ya bei nafuu huja na nyuzi zilizokaa juu mno, na mtu huumia vidole mwezi mzima akidhani ndivyo inavyotakiwa. Pima kwenye freti ya 12, freti ikiwa ni vile vyuma vilivyokata shingo ya gitaa. Kati ya freti na uzi wa 6, ule mnene, pawe na nafasi ya milimita 2.5 hivi, na chini ya uzi wa 1 pawe na pungufu ya hapo. Pakiwa na 4, mpelekee fundi apunguze ule mfupa mweupe unaokalia nyuzi kwenye daraja. Ni kazi ndogo na hubadilisha gitaa zima. Kwa nyuzi za chuma tafuta seti nyepesi, ile ambayo namba ya unene wa uzi wake wa 1 ni 12 au hata 11. Wanaoishi pwani wafute nyuzi kwa kitambaa kikavu kila wanapomaliza, kwa sababu jasho na hewa ya chumvi huziua haraka, na uzi uliopata kutu hauimbi.

Sasa gumba. Weka kordi ya C: kidole cha pete uzi wa 5 freti ya 3, cha kati uzi wa 4 freti ya 2, shahada ya kushoto uzi wa 2 freti ya 1. Gumba la kulia lipige uzi wa 5, halafu wa 4, halafu wa 5, halafu wa 4, pigo moja kwa kila hesabu. Metronomu, kile kifaa cha kuhesabia mwendo, iwe mapigo 60 kwa dakika. Usifanye kitu kingine. Ongea na mtu huku ukipiga, jibu maswali, soma bango lililo ukutani kwa sauti. Siku utakayoweza kusimulia ulichokula mchana bila gumba kuyumba, liko tayari. Hapo ongeza ladha: pigo la tatu lihamie uzi wa 6, na kidole cha pete kiruke kwenda uzi wa 6 freti ya 3, kisha kirudi. Besi sasa ni 5, 4, 6, 4, na tayari inatembea.

Shahada inaingia baada ya hapo. Hesabu «moja na mbili na tatu na nne na». Gumba linamiliki namba, na shahada kwa sehemu kubwa inaishi kwenye «na». Kwenye moja, bana: gumba uzi wa 5 na shahada uzi wa 1 kwa pamoja. Kwenye mbili gumba peke yake, uzi wa 4. Kwenye «na» inayofuata, shahada uzi wa 2. Tatu, gumba uzi wa 5. «Na», shahada uzi wa 3. Nne, gumba uzi wa 4, na kimya hadi moja. Ukiweza kuzungusha hilo bila kukaza bega, una msingi wa vipande vingi kuliko unavyodhani.

Nitakaa kidogo kwenye jambo linalofuata kwa sababu ndilo linalowatenganisha wanaopiga mazoezi na wanaopiga muziki. Mwanafunzi huniambia, «Mwalimu, noti zote ninazo, mbona haichezi?» Haichezi kwa sababu wimbo wake unalala juu ya gumba kila mara. Katika muziki wetu wimbo unatembea kwa hatua zake. Hesabu moja hadi nane kwa mwendo sawa. Gumba lipige kwenye 1, 3, 5 na 7. Shahada ipige kwenye 1, 4 na 7 tu. Ukiangalia umbali kati ya mapigo ya shahada utapata tatu, tatu, mbili, mgao ambao umeujaa muziki wa rumba na ambao mwili wako unaujua tangu utotoni. Kwenye 1 na 7 vidole vinakutana, kwenye 4 shahada inaanguka katikati, gumba likiwa limenyamaza. Pigo hilo la 4 ndilo uhai wote. Mwanzoni mkono utakataa na kutaka kulisogeza lilale juu ya 3 au 5. Usiulazimishe kwa kasi. Piga mapaja kwanza bila gitaa, mkono wa kushoto ukiwa gumba na wa kulia ukiwa shahada, ukihesabu kwa sauti, mpaka mgao uingie mwilini. Kisha rudi kwenye nyuzi.

Kuhusu mkono wa kushoto, wanaotoka kwenye kucharaza wana mazoea ya kubonyeza kordi nzima kila wakati. Huku ni kujichosha. Bonyeza uzi unaopigwa tu. Ukiwa kwenye C, una noti nane za wimbo ndani ya freti tatu: G ni uzi wa 3 mtupu, A ni uzi huohuo freti ya 2, B ni uzi wa 2 mtupu, C freti ya 1, D freti ya 3, E ni uzi wa 1 mtupu, F freti ya 1, G ya juu freti ya 3. Kidole cha mwisho kifundishwe kazi ya D na G ya juu. Kwa A, kidole cha kati kitaacha uzi wa 4, kwa hiyo katika pigo hilo gumba libaki kwenye uzi wa 5. Maamuzi madogo ya namna hii ndiyo kazi halisi ya kupanga kipande, na hakuna video itakayokuamulia yote.

Kwa hiyo kipande chako cha kwanza kisiwe «Masanga». Kiwe wimbo unaoujua kwa moyo, wa shuleni au wa ibada, wenye kordi tatu: C, F na G. Uimbe. Tafuta wimbo kwenye zile noti nane kwa shahada peke yake. Kisha piga gumba peke yake huku ukiuimba. Usiviunganishe vidole kabla mdomo na gumba havijapatana. Ukifika kwenye kuunganisha, fanya nusu mstari tu, na ukikwama tambua ni pigo gani hasa, kwa sababu mara nyingi ni moja tu, pale kordi inapobadilika. Zungusha hapo, pigo moja kabla na pigo moja baada.

Kordi ya F itakusumbua. Hakuna haja ya kulaza kidole juu ya nyuzi zote sita. Weka pete uzi wa 4 freti ya 3, kati uzi wa 3 freti ya 2, na shahada ilale juu ya nyuzi mbili nyembamba tu kwenye freti ya 1. Besi ianzie uzi wa 4. Wenye viganja vikubwa hulizungusha gumba la kushoto juu ya shingo na kubonyeza uzi wa 6 freti ya 1, kama alivyofanya Travis.

Baada ya vipande vichache vya kujipangia, nenda kwenye rekodi za wazee, na uende kwa sikio. Maandishi ya namba za freti yanasaidia, lakini yanakuonyesha mahali pa kidole bila kukuonyesha uzito wa pigo, na kwenye muziki huu uzito ndio kila kitu. Rekodi nyingi za zamani zilizotolewa kwenye santuri hazikai sawasawa kwenye A ya 440, kipimo cha kawaida cha kutuni, kwa hiyo utajikuta kati ya funguo mbili na kudhani sikio lako ni bovu. Si bovu. Tuni gitaa lako liifuate rekodi, au tumia kapo, kile kibanio cha shingoni, kwanza ukaribie, halafu ulegeze au ukaze nyuzi kidogo. Vaa hedifoni, punguza mwendo wa YouTube hadi 0.75 au 0.5, na utafute besi kabla ya kitu kingine chochote. Besi itakuambia kordi, na kordi itakuambia mkono wa kushoto umekaa wapi, kwa sababu wimbo karibu kila mara uko palepale vidole vinapofika kwa urahisi. Ukijikuta unanyoosha vidole kupita kiasi, jua mpigaji alishika mahali pengine.

Mwisho ni sauti. Rekodi mwenyewe kwa simu, ukiiweka mita moja au mbili mbele ya gitaa, na usikilize kama mgeni. Utakachosikia mara nyingi ni besi iliyomeza wimbo. Laza ukingo wa kiganja cha kulia karibu na daraja, uguse kidogo nyuzi nene ili besi ifupike na kugeuka kuwa mdundo, na shahada ipige kwa nguvu zaidi ya gumba. Kucha ndefu si lazima. Nyama ya kidole ikifuatiwa na ncha ya kucha fupi hutoa sauti nene, na nyuzi za chuma hula kucha ndefu kwa wiki chache.

Siku ukiombwa kupiga mbele ya watu, anza na gumba peke yake, mizunguko miwili mizima. Wape nafasi ya kuingia kwenye mdundo, na ujipe mwenyewe nafasi ya kusikia chumba. Ukiona mguu wa mtu mmoja unatikisika chini ya meza, lete wimbo.