Diski ya Nje Haijafa: Tatizo ni Mfumo wa Faili

Mteja anaponiletea diski ya nje akidai imekufa kwa sababu kompyuta ya Mac imekataa kunakili faili ndani yake, huwa ninajua kabla ya kuichomeka kwamba karibu kila mara diski ni nzima. Diski iliyozoea Windows kwa kawaida imefomatiwa kwa NTFS, mfumo wa faili (yaani utaratibu wa kupanga faili kwenye diski) uliotoka na Windows NT 3.1 mwaka 1993, na macOS huusoma mfumo huo bila kuuandika: picha zinafunguka na video zinacheza, lakini faili jipya haliingii. Hicho si kirusi, wala si waya mbovu.

Hatari kubwa zaidi iko upande wa pili. Diski ya APFS, mfumo wa faili wa Mac, ikichomekwa kwenye Windows, hutokea kisanduku kinachosema kwamba lazima ifomatiwe kabla ya kutumika, na watu hukubali wakiamini wanapewa tiba. Nimechoka kurudia kwamba kufomati hakuhamishi diski kutoka mfumo mmoja hadi mwingine huku yaliyomo yakibaki salama. Hata fomati ya haraka hufuta orodha inayoonyesha kila faili lilipo, na chochote utakachoandika baadaye hukalia nafasi ya faili za zamani. Ghairi, irudishe diski kwenye Mac ilikotoka, nakili kila kitu mahali pengine, ndipo uifomati kwa exFAT. Mfumo huo wa mwaka 2006 unaandikika kwenye Windows, kwenye Mac tangu toleo la 10.6.5 la mwaka 2010, na kiini cha mfumo endeshi wa Linux kinao tangu toleo la 5.4 la mwaka 2019.

Wanaosema FAT32, mfumo mwingine wa faili, inatosha kwa kuwa inasomeka kila mahali husahau kwamba haipokei faili moja lenye ukubwa wa GB 4 au zaidi, hata diski ikiwa na nafasi tele. Wapiga video za harusi hulijua hilo wakiwa wamechelewa. Na madai kwamba Linux haiandiki kwenye NTFS yamepitwa na wakati zamani.

Dhana ya mwisho ni kwamba siku hizi diski inaweza kuchomolewa tu. exFAT haiweki kumbukumbu ya mabadiliko kama NTFS, kwa hiyo ukiichomoa katikati ya uandishi huenda folda nzima ikaharibika. Toa kwanza amri ya kuiondoa kwa usalama, na nakala ya pili ya kazi zako iwe kwenye diski nyingine, si kwenye folda nyingine ya diski ileile.