Mfungwa kupunguziwa kifungo kwa kumaliza programu: maana yake hasa kwenye sheria ya Marekani

Watu wengi wakisikia mfungwa wa Marekani katoka kabla ya muda wanadhani ni msamaha, kama ule wa Rais wetu wa Tanzania wa tarehe 9 Desemba au siku ya Muungano, orodha inatoka geti linafunguliwa watu wanaenda kwao. Siyo hivyo kabisa. Hizi ni siku ambazo mfungwa anazichuma mwenyewe kwa kuingia kwenye programu za kurekebisha tabia, anahudhuria, anafanya kazi anazopewa, siku zinaandikwa kwenye faili lake, na zikishafika idadi inayotakiwa na masharti mengine yametimia basi sheria ndo inamsogeza nje. Wenyewe wanaziita krediti za muda. Rais hahusiki, bodi haikai.

Sheria yenyewe ni First Step Act, ilisainiwa na Donald Trump tarehe 21 Desemba 2018 baada ya kupitishwa kwa kura za vyama vyote viwili. Ili uelewe kwa nini ilikuwa kubwa hivyo inabidi ujue kwamba parole, yani kuachiwa mapema kwa uamuzi wa bodi, kwenye magereza ya federali (ya serikali kuu, siyo ya majimbo) ilishafutwa na sheria ya 1984 kwa makosa yaliyofanyika kuanzia Novemba 1987, kwaiyo mtu aliyekula mvua ishirini alikuwa hana sehemu ya kwenda kusema jamani nimebadilika nitazameni. Kilichobaki kilikuwa ni siku za tabia njema, 54 kwa mwaka kwenye maandishi lakini kwa hesabu waliyokuwa wanatumia zilikuwa zinaangukia 47, halafu na ile programu ya tiba ya madawa ya kulevya inaitwa RDAP ambayo tangu 1994 inaweza kumpunguzia mtu mpaka mwaka mzima kama kosa lake halikuwa la fujo. First Step Act ilirekebisha hiyo hesabu ya 54, na Julai 2019 peke yake watu zaidi ya 3,000 walitoka kwa ajili ya marekebisho hayo. Ila hizo za tabia njema ni kitu kingine na krediti za programu ni kitu kingine, mtu anaweza kupata zote mbili, na kwenye mazungumzo watu wanazichanganya sana.

Sasa krediti zinavyohesabiwa. Kwa kila siku 30 za kushiriki vizuri kwenye programu zilizokubaliwa mfungwa anapata siku 10. Akipimwa na kuonekana hatari yake ya kurudia makosa ni ndogo, na ikabaki hivyo kwa vipimo viwili mfululizo, anaongezewa 5, zinakuwa 15 kwa kila siku 30. Programu zenyewe ni nyingi, kuna masomo ya kupata GED (cheti kinacholingana na cha kumaliza sekondari), kuna madarasa ya kudhibiti hasira, malezi ya watoto, ufundi, tiba ya ulevi, hata kazi kwenye viwanda vya magereza vya UNICOR zinaingia humo. Tuseme mtu kahukumiwa miaka 6 na kakaa kwenye programu miezi 24, mwaka wa kwanza kwa 10 anapata kama siku 120, mwaka wa pili kashapanda kwenye 15 anapata 180, hizo ni 300, jumlisha na 324 za tabia njema kwa miaka yote sita unafika 624, yani mwaka mmoja na miezi kama minane hivi kwenye kifungo cha miaka sita, na bado anaendelea kuchuma kadri anavyoendelea kushiriki. Zinaanza kutumika pale siku alizochuma zinapolingana na siku zilizobaki.

Hapa ndo pa kuwa makini maana familia nyingi zinavunjika moyo hapa: siyo kila krediti inamaanisha yuko huru. Krediti za kwanza mpaka miezi 12 zinaweza kumtoa gerezani mapema na kuanza kipindi cha uangalizi, yani anakaa kwake, anafanya kazi, anaripoti kwa afisa, lakini hiyo ni kama jaji alimpa kipindi cha uangalizi kwenye hukumu yake tangu mwanzo. Zinazozidi hapo zinampeleka kwenye nyumba ya mpito au kifungo cha nyumbani, na huko bado anahesabika mfungwa, ana kifaa mguuni, anaomba ruhusa kwenda hospitali, akivuruga anarudishwa ndani. Kwaiyo ukiambiwa ndugu yako ana siku 500 usiende kumnunulia tiketi, uliza kwanza ngapi ni za uangalizi na ngapi ni za kubadilisha sehemu ya kutumikia.

Kitu kinachoamua mambo mengi ni kipimo kinaitwa PATTERN. Wanaangalia umri, rekodi ya makosa ya nyuma, kama kosa lilikuwa la fujo, makosa ya nidhamu ndani ya gereza, programu alizomaliza na vingine, wanajumlisha pointi anawekwa kwenye moja ya ngazi nne, kuanzia hatari ndogo kabisa mpaka kubwa. Wa ngazi mbili za juu naye anachuma, ila kuzitumia mpaka ashuke, au akitaka kupelekwa nyumba ya mpito ama nyumbani aombe na mkuu wa gereza akubali. Umri una uzito mkubwa, kijana wa miaka 23 anaanza na mzigo wa pointi ambao hawezi kuupunguza kwa kusoma, anasubiri tu azeeke, na kwa maoni yangu hilo linaumiza hasa watu ambao programu ingewasaidia zaidi. Halafu Idara ya Sheria ya Marekani yenyewe kwenye tathmini yake ilikubali kwamba kipimo kinakadiria hatari kupita kiasi kwa Weusi na baadhi ya makundi mengine ukilinganisha na Wazungu, wamekirekebisha zaidi ya mara moja na tofauti hazijaisha. Mimi naona ni jambo zito, maana hapa namba kwenye kompyuta inaamua mtoto atamuona baba yake mwaka huu au mwaka kesho.

Wapo ambao hawapati kabisa. Sheria ina orodha ndefu ya makosa yaliyotolewa nje, ugaidi, mauaji, makosa mengi ya ngono, kutumia bunduki kwenye uhalifu wa fujo au wa dawa za kulevya, baadhi ya kesi kubwa za fentanyl (dawa kali sana ya kulevya). Hao wanaweza kuingia darasani na kufaidika na elimu lakini siku hawapewi. Na aliyechuma anaweza kunyang'anywa akivunja sheria za gereza, na akikataa programu aliyopangiwa kuchuma kunasimama.

Kwa sisi tunaozungumza Kiswahili tulioko huko au wenye ndugu huko, na nafikiria hasa familia za wakimbizi kutoka Kongo na Burundi ambao vijana wao wengi hawajawa raia bado, kuna kipengele kimoja kinachouma. Mtu mwenye amri ya mwisho ya kuondolewa nchini hawezi kutumia krediti zake, hata awe amemaliza kila darasa lililopo. Anachuma zinabaki kwenye karatasi. Lakini angalia vizuri, sheria inasema amri ya mwisho, haisemi barua ya uhamiaji ya kuomba ashikiliwe, hivyo ni vitu viwili tofauti, na kama ndugu yako ana hiyo barua tu wakati kesi yake ya uhamiaji haijaamuliwa, usikubali kirahisi ukiambiwa hana haki, tafuta mwanasheria wa uhamiaji akae pamoja na wa jinai waangalie.

Kuhusu kama inafanya kazi, ripoti ya Idara ya Sheria ya 2023 ilisema kati ya watu karibu 30,000 waliotoka kupitia sheria hii ni asilimia 12.4 waliokamatwa tena au kurudishwa ndani. Ni ndogo sana ukilinganisha na kawaida ya magereza ya federali ambako inazunguka kwenye asilimia 40 na kitu, ila tuseme ukweli wengi waliotoka walikuwa wa hatari ndogo tangu mwanzo na muda wa kuwafuatilia ulikuwa mfupi, kwaiyo siyo haki kusema yote ni kazi ya programu.

Wazo lenyewe siyo la Marekani peke yake. Brazil sheria ya 2011 inatoa siku moja kwa kila masaa 12 ya masomo, na kwa utaratibu mwingine wa huko huko ukisoma kitabu ukaandika maelezo yake yakapita unapunguziwa siku 4, mwisho vitabu 12 kwa mwaka yani siku 48, kitu ambacho mimi nakipenda sana. Kenya mfungwa anaweza kupunguziwa theluthi ya kifungo kwa kufanya kazi na tabia njema, na Tanzania kuna Bodi za Parole kwa sheria ya 1994, ila kote huko kwetu kupunguziwa hakuhesabiwi darasa kwa darasa namna hii.

Jambo la mwisho ambalo wengi linawapita, First Step Act inawahusu wafungwa wa federali tu, na walio wengi Marekani wako kwenye magereza ya majimbo. Texas ina utaratibu wake, California ina wake uliopanuliwa na kura ya wananchi ya 2016. Kwaiyo kabla ya yote muulize ndugu yako yuko gereza la jimbo au la federali, kama ni la federali amuombe afisa wa kesi yake karatasi ya hesabu ya krediti na ngazi yake ya PATTERN, na muitunze nakala.