Majadiliano: maana yake na namna ya kulitumia

Mwenye nyumba akimwandikia mpangaji wake kwamba kodi inapanda mwezi ujao, hapo hakuna majadiliano. Ametoa taarifa. Mpangaji akijibu kwamba hataweza kulipa kiasi hicho, mwenye nyumba naye akakubali kupunguza iwapo atalipiwa miezi sita kwa mkupuo, hapo ndipo majadiliano yameanza. Ni mazungumzo ya pande zinazotofautiana, ambapo kila upande unahitaji ridhaa ya mwenzake ili jambo liende.

Kitenzi chake ni jadili, chenye asili ya Kiarabu, na huko asili yake inabeba maana ya kubishana. Kikiongezwa -an- ya kutendana tunapata jadiliana, na kiambishi hicho kidogo kinabeba uzito mkubwa. Linganisha:

"Kamati ilijadili mishahara ya wafanyakazi."
"Kamati ilijadiliana na wafanyakazi kuhusu mishahara."

Katika sentensi ya kwanza, wanakamati huenda walijifungia peke yao. Katika ya pili wafanyakazi walikuwamo na walisikika. Mara nyingi nimesoma habari zilizoandikwa kwa namna ya kwanza huku mwandishi akikusudia ya pili, nikabaki sijui kama wahusika waliulizwa chochote. Kwa mtu ambaye mshahara wake ndio unaozungumzwa, hilo si jambo dogo.

Mjadala ni kitu kingine. Watu wawili wanaweza kufanya mjadala redioni saa nzima, kila mmoja akaondoka na msimamo wake, na bado ukaitwa mjadala mzuri. Majadiliano yakiisha hivyo, tunasema yamekwama, yamevunjika au yamegonga mwamba. Yakifanikiwa, huzaa makubaliano, mapatano au mwafaka. (Kitenzi patana kina upana zaidi: muuzaji na mnunuzi wanaweza kuwa wanapatana bei hata kabla hawajaafikiana.)

Kuna pia mtu wa tatu, msuluhishi au mpatanishi. Katika majadiliano ya amani ya Burundi yaliyofanyika Arusha, Julius Nyerere alikuwa msuluhishi hadi alipofariki mwaka 1999, kisha Nelson Mandela akashika nafasi hiyo, na mkataba ukatiwa saini Agosti 2000. Tukiandika kwa uangalifu, tutasema Nyerere na Mandela walisuluhisha. Waliojadiliana ni Warundi wenyewe.

Kisarufi, neno hili halina umoja katika matumizi ya kawaida, na upatanisho wake ni wa ya-: majadiliano yameanza, majadiliano yao, majadiliano marefu. "Majadiliano imeanza" ni kosa. Yakifanyika kwa awamu, kila awamu huitwa duru: "Duru ya pili ya majadiliano kati ya benki na wakulima imeahirishwa."

Wala halihitaji marais na majenerali. "Binti alijadiliana na mama yake kuhusu saa ya kurudi nyumbani, wakakubaliana saa moja usiku" ni sentensi sahihi kabisa, maana kila mmoja alilegeza kidogo. Lakini meneja aliyewaita wafanyakazi, akawasomea uamuzi uliokwisha kupitishwa, kisha akaandika kwenye ripoti "tumejadiliana na wafanyakazi", ametumia neno lisilolingana na alichokifanya. Alipaswa kuandika "tumewaarifu wafanyakazi".