Je, wajua kwa nini mchekeshaji Mmarekani Carol Burnett aliyaacha makosa yaonekane kwenye televisheni?

Ukitazama vipande vya The Carol Burnett Show, kipindi cha vichekesho na muziki kilichorushwa na kituo cha televisheni cha CBS nchini Marekani kuanzia Septemba 11, 1967 hadi Machi 29, 1978, utaona jambo moja likijirudia: waigizaji wanashindwa kujizuia, wanacheka katikati ya igizo. Harvey Korman, mmoja wao, anageuza uso, anauma mdomo, mabega yanamtikisika. Kwenye studio nyingi kosa la namna hiyo halifiki kwa mtazamaji. Mwongozaji anasimamisha kamera, watu wanavuta pumzi, sehemu ile inarudiwa. Katika kipindi hiki iliachwa kama ilivyotokea, na mara nyingi ndiyo inayokumbukwa hadi leo.

Sababu ni kwamba Burnett alikuwa mtu wa jukwaa kabla ya kuwa mtu wa televisheni, na alipopewa saa nzima kila wiki aliiendesha kama onyesho la ukumbini. Watazamaji wameketi mbele, bendi iko pale pale, pazia linafunguka, na likishafunguka hakuna kurudi nyuma. Kamera zilikuwepo ili kulifuata onyesho. Ukishalielewa hilo, mengi katika safari yake ya sanaa yanaanza kueleweka.

Alizaliwa San Antonio, Texas, mwaka 1933, akalelewa na bibi yake katika chumba kimoja cha kupanga kule Hollywood. Wazazi wake wote wawili walikuwa watumwa wa pombe. Pale chuoni UCLA alitaka kusomea uandishi wa habari, ila akajikuta kwenye idara ya maigizo, ambako hata anayetaka kuandika tamthilia alilazimika kupanda jukwaani. Siku alipowachekesha watu kwa mara ya kwanza katika igizo la wanafunzi, mipango ya awali ilibadilika. Alitaka kuimba na kuchekesha kwenye tamthilia za muziki za New York, na alitaka hivyo kabla televisheni haijamwingia akilini kabisa.

Nauli ya kwenda huko aliipata kwa njia ambayo ingekuwa ngumu kuamini kama asingeisimulia mwenyewe mara nyingi. Tajiri mmoja aliyemwona akiigiza kwenye sherehe alimkopesha dola 1,000, kwa masharti: azirudishe baada ya miaka mitano bila riba, asitaje kamwe jina la aliyemkopesha, na akifanikiwa naye awasaidie wengine. Alizirudisha kwa wakati. Jina hajalitaja.

New York haikumpokea kwa mikono miwili. Alikuwa akiishi kwenye nyumba ya mabinti wanaotafuta kazi za uigizaji, iliyoitwa Rehearsal Club, na huko akakutana na tatizo analolijua kila msanii anayeanza: hupati kazi mpaka watu wakuone ukifanya kazi. Mwaka 1955 yeye na wenzake wakaamua kuandaa onyesho lao wenyewe na kuwaalika mawakala waje kuwatazama. Hapa ndipo ninapomwona Burnett halisi. Wengi humsifu kwa sura yake inayoweza kujikunja kila upande na kwa sauti yake kubwa, lakini tangu mwanzo alikuwa pia mwandalizi, mtu wa kukusanya watu na kuwapa wote nafasi.

Mwaka 1957 akapata jina kwa wimbo wa kuchekesha kuhusu msichana aliyezimia kwa mapenzi ya John Foster Dulles, waziri wa mambo ya nje wa wakati huo, mzee mkavu asiyefanana na ndoto za msichana yeyote. Aliuimba kwenye klabu ya usiku ya Blue Angel, kisha kwenye televisheni. Dulles mwenyewe alipoulizwa habari za msichana huyo alijibu kwamba mambo ya moyo hayazungumzii hadharani.

Mwaka 1959 mambo mawili yalitokea karibu kwa pamoja, na ndiyo yaliyomjenga. Mwezi Mei alianza kuigiza kama binti mfalme Winnifred katika Once Upon a Mattress, tamthilia ya muziki inayotokana na ngano ya binti mfalme na punje ya njegere, na ikahamia Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, mwaka huo huo. Winnifred anaingia akiwa ameloa, ameogelea handaki la ngome, ana sauti ya kupasua paa. Burnett alipendekezwa kwa tuzo ya Tony, ya maigizo ya Broadway. Mwaka huo huo akajiunga na The Garry Moore Show, kipindi cha televisheni cha kila wiki. Jukwaani alijifunza kumsikiliza mtazamaji: kicheko kinapanda, unakisubiri, na kabla hakijafa unatia neno linalofuata. Kwa Moore alijifunza jinsi ya kuongoza. Burnett amesimulia kwamba wakisoma maandishi mezani, Moore akikutana na mzaha mzuri uliowekwa mdomoni mwake, aliwaambia waandishi wampe Carol au mwigizaji mwenzao Durward Kirby, kwa kuwa wao watausema vizuri zaidi. Bosi wa kipindi anatoa mzaha wake mwenyewe kwa sababu anataka kipindi kiwe kizuri. Somo hilo alilishika.

Kipindi chake mwenyewe, hata hivyo, hakukipata kwa kutunukiwa. Kilitokana na kipengele kwenye mkataba. Mkataba wake wa miaka kumi na CBS ulisema kwamba, ndani ya miaka mitano ya kwanza, akitaka kufanya kipindi cha saa nzima cha vichekesho na muziki, CBS itawajibika kukirusha, vipindi 30, iwe inapenda au haipendi. Wiki ya mwisho ya mwaka 1966, muda ukiwa karibu kuisha, alipiga simu. Mkubwa wa CBS hakukumbuka kipengele hicho. Alipokumbushwa, alimweleza kwamba vipindi vya aina hiyo ni kazi ya wanaume, akampa mfano wa Sid Caesar, Jackie Gleason na Milton Berle, kisha akampendekezea tamthilia ndogo ya nusu saa ya kila wiki. Burnett alikataa. Hakutaka kuwa mhusika mmoja yule yule wiki baada ya wiki. Alitaka kuimba, kucheza, kubadilika, na kuwa na wageni na kundi lake. Mkataba ukazungumza. Kipindi kikadumu misimu 11 na kikajizolea tuzo 25 za Emmy, za televisheni.

Sasa turudi kwenye makosa. Wiki ilianza kwa kusoma maandishi Jumatatu na kuishia Ijumaa, na Ijumaa hiyo onyesho lilirekodiwa mara mbili mbele ya watazamaji tofauti. Mara zote mbili lilikwenda mfululizo, kama la moja kwa moja. Burnett hakutaka watu waliotoka makwao kuja kumwona wakae wakingoja huku mafundi wakipanga taa. Amesimulia kwamba alikuwa akishindana na wahamisha mandhari nani atawahi: yeye kuvua na kuvaa nguo nyingine, au wao kusogeza sofa.

Kurekodi mara mbili kulimfungulia mlango Tim Conway, mchekeshaji mwingine wa kipindi hicho. Katika onyesho la kwanza Conway aliigiza kama ilivyoandikwa. Akishahakikishiwa kwamba mwongozaji amepata picha zote anazozihitaji, katika onyesho la pili alileta mambo ambayo wenzake hawajawahi kuyaona. Mfano unaojulikana zaidi ni wa daktari wa meno, mwaka 1969. Conway ni daktari aliyetoka chuoni juzi, Korman ni mgonjwa. Daktari anajichoma sindano ya ganzi mkononi kwa bahati mbaya, mkono unalegea na kuning'inia, kisha ganzi inahamia mguuni. Mtazame Korman pale: amekaa kwenye kiti, hana pa kukimbilia, anajaribu kuficha uso kwa mkono. Hacheki kwa kupangwa. Na watazamaji ukumbini wanajua hilo, ndiyo maana wanaangua kicheko maradufu. Kurudia sehemu hiyo kungeua kitu ambacho hakiwezi kutungwa upya.

Si kwamba kila kitu kiliachwa. Mwaka 1977 Conway alitoa hadithi ndefu ya ndovu waliozaliwa wameungana mikonga, katikati ya igizo ambalo halikuwa na ndovu hata mmoja, na mwigizaji mwenzake Vicki Lawrence akamkata kwa neno kali kiasi kwamba halikurushwa hewani wakati ule. Mipaka ilikuwepo. Lakini swali lilikuwa kama hadhira inaweza kulipokea, wala si kama mwigizaji ameharibu.

Hata nguo zilifuata mtindo huo wa kukamata kinachotokea. Mbunifu wa mavazi, Bob Mackie, aliyekuwa na kipindi kwa misimu yote, alimletea sketi ya mhusika aitwaye Bi. Wiggins, karani asiyejua kazi. Sketi ilikuwa imelegea nyuma. Burnett alitaka ipunguzwe. Mackie akamwambia ajaribu kusukuma makalio nyuma ili yaijaze. Alipofanya hivyo, mwendo wa Bi. Wiggins ulizaliwa palepale, vihatua vidogo kifua mbele, na mhusika mzima akafuata mwendo huo. Ni Mackie vilevile aliyekuja na gauni la pazia la mwaka 1976, kwenye igizo la kuikejeli filamu ya Gone with the Wind. Katika filamu, shujaa wa kike anashona gauni kutokana na pazia. Burnett anashuka ngazi akiwa amevaa pazia la kijani pamoja na fimbo ya kulitundikia, imelala mabegani kutoka upande hadi upande. Akisifiwa, anajibu kwamba aliliona dirishani akashindwa kujizuia. Gauni hilo sasa limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian, Washington.

Binafsi, kazi yake ninayoiheshimu kuliko zote ni Eunice, mhusika wa igizo la familia lililokuwa likijirudia katika kipindi hicho. Waandishi walimkusudia acheze Mama, yule bibi mwenye ulimi mkali. Yeye akamchagua Eunice, binti ambaye ndoto zake zote zimekwama, na akamwomba Vicki Lawrence acheze Mama ingawa Lawrence ni mdogo kwake kwa karibu miaka 16. Akaongeza lafudhi ya Texas, ile aliyoikulia kwa watu wake. Igizo hilo la familia halikuwa na mizaha ya kuandikwa. Kilichochekesha ni watu wanaogombana jikoni kwa uchungu wa kweli. Siku moja kwenye mazoezi walijaribu kulisema bila vituko wala lafudhi, na likawa la kuhuzunisha mno. Kwa hiyo sikushangaa kujua kwamba mwaka 1979, mwaka mmoja tu baada ya kipindi kwisha, aliigiza katika Friendly Fire kama mama wa askari aliyeuawa Vietnam na mizinga ya upande wake mwenyewe, bila tone la mzaha. Waliomfahamu Eunice walikuwa wameshaona kwamba anaweza.

Jukwaa halikumtoka. Mwaka 1995 alirudi Broadway katika Moon Over Buffalo na akapendekezwa tena kwa Tony. Mwaka 2002 tamthilia aliyoiandika na bintiye Carrie Hamilton, kuhusu maisha ya chumba kile kimoja na bibi yake, ilifika Broadway pia. Carrie alifariki mwanzoni mwa mwaka huo, kabla ya kuiona. Mwaka 2013 Burnett alipewa Tuzo ya Mark Twain ya vichekesho.

Kuna jambo moja la kusikitisha kidogo kwa anayetaka kumjua leo. Kipindi kilipoanza kurudiwa kwenye vituo vingine tangu mwaka 1977, kilikatwa kikawa cha nusu saa, na zilizoondolewa ni nyimbo na dansi. Tena vipindi vya misimu mitano ya kwanza vilikaa kabatini kwa miongo kadhaa kwa sababu ya mgogoro wa umiliki, hadi vilipoanza kuuzwa mwaka 2015. Ndiyo maana wengi wanamjua kama mchekeshaji tu. Ukimpata kwenye kipindi kizima, tafuta sehemu anayoimba na wacheza dansi wa Ernie Flatt, mtunzi wa dansi za kipindi, nyuma yake, au tamasha lake na mwimbaji Julie Andrews pale ukumbi wa Carnegie Hall, New York, mwaka 1962.