Maikrofoni Mpya kwa Redio ya CB: Usiitupe Ile ya Zamani Kabla ya Kuipima

Redio za CB, yaani redio za mawasiliano ya sauti ambazo madereva huzungumzia wakiwa njiani, zinazofika kwenye meza yangu hapa Mwanga, mjini Kigoma, nyingi zimetoka ndani ya malori yaliyonunuliwa yakiwa yamekwisha kutumika Ulaya, na kasoro ninayoikuta karibu kila mara ni ileile: redio yenyewe ni nzima, ila waya wa maikrofoni umekatika pale unapoingia kwenye kichwa, kwa sababu ya kuvutwa na kuning'inia safarini kwa miaka mingi. Dereva anayejiandaa kwenda Tabora kupitia Uvinza na Kaliua huja na maikrofoni nyingine mkononi na kuniambia, "Fundi, hii nayo ina pini sita, nifungie tu niondoke." Naelewa haraka yake, lakini idadi ya pini haielezi chochote kuhusu kazi ya kila pini. Watengenezaji wawili wanaweza kutumia plagi ya umbo moja, mmoja akapeleka sauti kwenye pini ambayo mwenzake ameiweka ethi (njia ya pamoja ya kurudishia umeme).

Nilijifunza jambo hilo kwa hasara. Miaka yangu ya mwanzo katika kazi hii nililehemu maikrofoni ya mteja kwa kufuata rangi za waya, nikiamini kwamba nyekundu ni ya kurushia kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa katika redio niliyoitengeneza kabla ya hapo. Redio ile ilianza kurusha mara tu ilipowashwa, bila kitufe kubonyezwa na bila antena kuwa imefungwa, na transista ya mwisho ya kurushia iliungua. Nililazimika kumlipa mteja wangu. Tangu siku hiyo sifungi waya wowote kabla ya kupima, na humsihi kila mteja aniletee maikrofoni yake ya zamani hata ikiwa imeharibika, kwa sababu hiyo ndiyo ramani pekee ninayoweza kuiamini.

Ramani hiyo husomwa kwa mita ya umeme iliyowekwa kwenye mlio, ambayo hulia pini mbili zikiwa zimeungana. Kwanza nakata kipande cha waya kilichokatika ndani na kuunganisha upya pande mbili kwa muda, kisha nachomoa plagi kwenye redio na kupima pini mbilimbili, kitufe kikiwa kimeachwa, halafu kikiwa kimebonyezwa. Pini mbili zinazolia kitufe kinapobonyezwa tu ni ethi na njia ya kurushia. Zikiwapo mbili zinazolia kitufe kinapoachwa tu, hizo ni ethi na njia ya kupokelea, na ile inayojirudia katika makundi yote mawili ndiyo ethi. Njia ya sauti huitafuta nikiwa bado nimebonyeza kitufe, kwa kuwa maikrofoni nyingi hukata sauti kitufe kikiachwa. Katika plagi za pini sita mara nyingi mojawapo huwa ya vitufe vya kupandisha na kushusha chaneli.

Hiyo njia ya kupokelea inastahili maelezo zaidi, kwa maana ndiyo inayowachanganya wengi. Zipo redio ambazo spika yake hupata ethi kwa kupitia ndani ya maikrofoni. Ukichomoa maikrofoni, redio inanyamaza kabisa ingawa taa zinawaka. Ukiifungia redio ya namna hiyo maikrofoni isiyo na waya wa kupokelea, utasikika vizuri na wenzako lakini wewe hutasikia neno. Redio nyingine hubadilisha kati ya kurusha na kupokea ndani kwa ndani, nazo zinahitaji sauti, ethi na njia ya kurushia tu.

Baada ya waya, tazama kiini cha maikrofoni. Cha dainamiki kina koili na sumaku, hakihitaji umeme, na kwenye mita mara nyingi husoma omu mia kadhaa. Cha elektreti kina transista ndogo ndani yake, kwa hiyo lazima redio ikipelekee volti chache kupitia rezista, la sivyo kitakaa kimya. Ukitaka kufunga dainamiki kwenye redio inayopeleka volti katika njia ya sauti, weka kapasita ya mikrofaradi 1 hadi 10 katikati, upande wake chanya ukielekea kwenye redio. Viini vya kristali, vinavyopatikana katika maikrofoni za zamani za mezani, vina ukinzani mkubwa mno na havifai kuunganishwa moja kwa moja.

Kwa lori mimi huchagua dainamiki inayopunguza kelele. Ina matundu mbele na nyuma: mngurumo wa injini hufika pande zote mbili kwa nguvu karibu sawa na kujifuta wenyewe, ilhali sauti ya dereva hufika zaidi upande wa mbele. Kwa hiyo ishikwe karibu sana na mdomo, na kiganja kisizibe matundu ya nyuma.

Maikrofoni zenye kikuza sauti na betri siziungi mkono kwa urahisi. Katika AM, yaani urushaji ambao sauti hubadilisha nguvu ya wimbi, sauti ikizidi asilimia 100 ya modulesheni (kiasi cha mabadiliko hayo), wimbi hukatwa linapofika sifuri, na takataka zake humwagikia chaneli za jirani, ambazo kwa kawaida zimepishana kilohezi 10 tu. Anayesikiliza hupata mkwaruzo. Kama ni lazima uitumie, anza na kitasa kikiwa chini kabisa na upandishe huku mwenzako aliye mbali akikueleza anachosikia.

Wakati wa kulehemu, pitisha kwanza kifuniko cha plagi kwenye waya. Kisha chomeka plagi kwenye soketi ya akiba, ili plastiki ikilainika kwa joto pini zisihame, na usizidishe sekunde 3 kwa kila pini. Kibanio kibane mpira wa nje wa waya, wala si nyuzi za ndani.

Usibonyeze kitufe kabla ya kufunga antena, wala bila leseni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Ukisikika na mluzi unaporusha, kagua kwanza ethi ya antena na SWR, yaani kipimo cha mawimbi yanayorudishwa na antena. Mawimbi yanayorudi kwenye waya wa maikrofoni ndiyo sababu ya kawaida, na kapasita ya nanofaradi 1 kati ya njia ya sauti na ethi ndani ya kichwa husaidia kuyazuia. Ndoano ifungwe mahali ambapo waya wa msokoto hautanuki maikrofoni inaponing'inia, kwa kuwa mvuto huo ndio uliokata ule wa kwanza.